Spoki ya Fundi Obedi

Sehemu ya Tisa: Kifuniko

Fundi Obedi alifungua kifuniko cha sanduku la fyuzi, akasoma kilichoandikwa upande wa ndani, akakifunga tena kwa kishindo.

"Vipi?" aliuliza afisa wa bima.

"Giza."

"Saa nne asubuhi?"

"Giza la Kasulu, bwana. Ninyi mnaotoka Kigoma mjini hamlijui."

Tulipoachana wiki jana, mkono wake ulikuwa ndiyo kwanza unakigusa kifuniko hicho. Kama gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujamaliza kusoma, sikulaumu. Maandazi nayo yana haki zake. Basi shika haya machache.

Nyumba ya mjane Odilia Nizigiyimana, anayeitwa Mama Ange mtaani, imeungua jiko, dari na vyumba viwili. Moto ulianzia kwenye nyaya. Miaka miwili mama huyu amelipa bima bila kuruka hata mwezi mmoja, na siku alipoihitaji akajibiwa kwa barua ya mistari minne: tunashuku mwenye nyumba alichezea fyuzi. Kuta zimebaki wima bila bati, na ni kuta za matofali mabichi. Mvua ya kwanza ikizikuta uchi, zitarudi kuwa udongo. Mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa Makere.

Kampuni ikamtuma Abbasi, kijana mrefu wa Tanga mwenye viatu visivyolipenda vumbi letu, aje alifungue sanduku la fyuzi mbele ya mashahidi. Shahidi wa kwanza, kwa kujialika mwenyewe, akawa Obedi Mpawenimana, fundi umeme wa kujifunzia na mtetezi wa wanyonge wa kujiteua.

Dakika tano tu kabla ya kufungua, mtetezi huyo alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akinguruma hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Ndugu zangu! Hii kampuni inachukua hela za mjane, halafu inamwita mwongo! Mama huyu hawezi kuchezea fyuzi! Na kama humu ndani kuna spoki, basi aliyeiweka ni muuaji! Nitamtaja jina hapahapa! Nitamvisha spoki hiyo shingoni, atembee nayo soko zima!"

Walimpigia makofi. Makofi yale, laiti angeweza kuyarudisha moja moja kwa wenyewe.

Kwa sababu ndani ya sanduku, kati ya vigae viwili vyeupe vya fyuzi, mahali panapotakiwa waya mwembamba kama unywele, palikuwa na kipande cha spoki ya baiskeli. Kinang'aa. Nyumba imeungua, dari imekuwa majivu, spoki haijapata hata baridi yabisi.

Na upande wa ndani wa kifuniko, kwa kalamu ya seremala, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyejivunia kazi yake, palikuwa pameandikwa:

*Kazi ya Obedi Mpawenimana. 14/9/1988. Mungu ailinde nyumba hii.*

Mafundi wa wilaya hizi mbili, Kasulu na Kibondo, walikuwa na desturi hiyo. Ukimaliza kazi, unaandika jina na tarehe ndani ya kifuniko, ili fundi atakayekuja baadaye ajue wa kumlaumu. Desturi hiyo ilianzishwa na mtu mmoja mwenye majivuno. Jina lake Obedi.

Alisimama pale mkono ukiwa juu ya bati. Obedi ana kumbukumbu ndefu, kila mtu analijua hilo na wengi limewatesa. Anamkumbuka karani aliyemnyima kiti mwaka 1974, na anakikumbuka kiti chenyewe kilikuwa cha rangi gani. Anazikumbuka barua zake arobaini na tatu kwa ofisi ya wilaya kuhusu hatari ya masanduku mabovu ya fyuzi, nakala zote anazo. Ila hii spoki, hii moja, ilikuwa imemtoka kichwani kabisa, kama vile iliwekwa na mtu mwingine anayefanana naye.

Alilamba kidole gumba. Kalamu ya risasi haihitaji zaidi ya hapo. Mate kidogo, pangusa mara mbili, jina limekwenda.

"Mzee, nipishe," alisema Abbasi, akakifungua kifuniko mwenyewe. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye spoki, wala halikwenda kwenye maandishi. "Haya. Kila mtu ameona? Spoki hiyo. Mama, pole sana, lakini kampuni ilisema kweli. Umechezea fyuzi. Bima hailipi."

"Mimi?" Odilia alishika kifua. "Mimi nichezee hilo dude? Mana yanje, Mungu wangu! Tangu lifungwe sijaligusa hata kwa fagio! Fundi alinikataza!"

"Fundi gani?"

Odilia alimgeukia Obedi. Hakumwangalia kwa kumshitaki. Alimwangalia kama mtu anayemwita wakili wake.

Kidole kilicholowa mate kilikauka hewani.

"Mimi," alisema Obedi. "Ni mimi niliyeweka. Soma kwenye kifuniko."

Halafu, kutoka nyuma, mtu akapiga makofi. Wa pili akafuata.

"Mnamwona fundi! Anajitwisha kosa ili Mama Ange apone!"

"Mtu mwenye moyo wa hivi yuko wapi siku hizi?"

"Jamani, nasema niliweka mimi!" Obedi alipiga kelele. "Mimi ndiye mjinga! Huu ni mwandiko wangu!"

"Sikia anavyojishusha!" alisema mama mmoja, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Miaka mitano mtu huyu alikuwa akiwaambia wasidanganyike, nao wakamwamini kila neno. Siku anawaambia ukweli mmoja unaomhusu yeye mwenyewe, wanaona ni upole.

Abbasi alisoma maandishi, akasonya.

"Mzee wangu, kalamu haina umri. Haya unaweza kuwa umeyaandika jana. Kampuni nzima inakujua, barua zako zina faili lake peke yake. Wewe ukiona itamsaidia mama, utaandika hata kwamba ulijenga reli."

Odilia alikuwa ameshaingia kwenye chumba kilichosalia. Alitoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Na huyu mwenzako? Huyu wa mwaka tisini na nne aliyekuja kabla ya kunipa bima, yeye hakuona kitu? Alikaa hapo ulipo. Akanywa soda mbili za baridi, akauliza choo kiko wapi, akaandika, akaondoka."

Abbasi aliikunjua. Akaisoma. Akaisoma tena, na safari hii midomo ilicheza. *Sanduku limefunguliwa na kukaguliwa. Fyuzi ni halali.* Chini yake saini kubwa yenye mkia.

Akamshika Obedi mkono juu ya kiwiko, akamvuta hadi nje kwenye Land Rover, mbali na masikio ya watu.

"Nisikilize vizuri, na usipaze sauti hata kama ni mara yako ya kwanza maishani. Spoki hii iliingia mwaka gani?"

"Themanini na nane. Si imeandikwa?"

"Mkaguzi wetu alikuja tisini na nne. Kama spoki ilikuwemo, basi ama aliiona akanyamaza, ama hakufungua kabisa akaandika uongo. Vyovyote vile kosa si la mama. Kampuni inalipa, tena haraka."

Obedi alipiga boneti ya gari kwa kiganja.

"Kumbe!"

"Kumbe nini? Nani ataamini kwamba ilikuwemo? Lazima nipate kifuniko kingine. Ulichofunga siku zilezile, ambacho hujakigusa tena, na mwenyewe si rafiki yako. Nikiweka viwili pamoja, hakuna wa kubisha. Ulifunga masanduku mangapi mwaka ule?"

"Kumi na moja. Yalitoka kwenye kambi ya wajenzi wa barabara walioondoka. Niliyabeba kwa baiskeli, moja moja."

"Safi. Tuanze na la jirani."

Obedi alikuna kichwa.

"Hayapo. Sita yalikuwa Kasulu. Yule mfanyabiashara Hilali alipoleta jenereta lake la kuuzia watu umeme, niliwahutubia wenye nyumba wayang'oe. Wakayatupa. Mengine matatu yalikuwa Nyakitonto. Nilikwenda kwa miguu kuwahutubia."

"Yaani kampeni yako ndiyo iliyomaliza ushahidi wako?"

"Ilifanikiwa sana," alisema Obedi kwa unyonge.

"Sita na tatu ni tisa. Hili la mama ni la kumi."

"Huyu sikumhutubia. Nyumba yake nilijua ni nzima, napita pale kila Jumapili."

Abbasi alimtazama kwa muda, kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya paa.

"La kumi na moja?"

Obedi alitazama gurudumu la gari, akatazama mbingu, akatazama tena gurudumu.

"Liko Kibondo. Kwa Stanislaus."

"Ndiye nani?"

"Bamwana wangu. Mwanawe ndiye aliyemuoa binti yangu."

"Vizuri! Ndugu kabisa."

"Wewe wa Tanga hujui unachosema," alisema Obedi. "Kwa bamwana mtu anakwenda na heshima zake zote. Mimi niende kumwonyesha kwamba nilimtegea mwanangu moto ukutani?"

"Panda gari."

Abbasi aliwageukia watu, akamwambia Odilia maneno matatu tu, "Mtu asiguse hapo," akawasha injini. Hakueleza zaidi, kwa sababu afisa anayeisaidia familia iliyoungua dhidi ya kampuni yake hatangazi barabarani. Odilia alibaki ukumbini akiona fundi wake ameshikwa mkono, amepandishwa gari la serikali au linalofanana nalo, anapelekwa njia ya Kibondo.

Kumbuka hapo, msomaji. Obedi hakukumbuka.

*

"Kwa nini spoki lakini?" aliuliza Abbasi, walipokuwa wameshavuka Makere na vumbi limeshaingia hadi kwenye meno.

"Mwaka ule waya wa fyuzi haukuwepo. Nilitafuta hapa, nikatafuta Kigoma, nikamwagiza mtu hadi Tabora. Madukani palikuwa na chumvi, viberiti na picha za viongozi. Nikachomoa spoki za baiskeli yangu. Ishirini na mbili. Nilirudi nyumbani gurudumu linacheza kama mlevi, na nilijiona shujaa. Nilisema, huyu fundi anatoa viungo vyake kwa ajili ya wananchi."

"Hukujua kazi ya fyuzi?"

"Nilijua lazima umeme upite. Na kwenye spoki ulipita vizuri mno."

"Kazi ya fyuzi ni kukatika, mzee. Nyaya zikibebeshwa mzigo, yenyewe inakufa kwanza, nyumba inabaki."

"Leo nalijua hilo, naweza kukuimbia. Wakati ule kitabu changu kilianzia ukurasa wa arobaini na moja. Kurasa za mbele mtu alivutia tumbaku."

"Na fyuzi zilikuwa ukurasa wa ngapi?"

"Thelathini na mbili. Niliuona mwaka tisini na moja, kwenye kitabu cha mwalimu mmoja. Siku hiyohiyo nikaandika barua ya kwanza kwa mkuu wa wilaya, kuwalaani wanaoweka spoki."

Abbasi aliangua kicheko hadi gari likaingia kwenye shimo. Obedi naye, baada ya kilomita moja hivi ya kununa, akajikuta anacheka, kicheko chembamba cha mtu anayejichungulia kupitia dirisha la nyumba yake mwenyewe.

"Mama Ange wakati ule alikuwa na taa tatu na redio," aliendelea, na kicheko kikakatika. "Spoki haikuwa na ubaya wowote. Halafu wakimbizi wakaja, mashirika yakaja, akanunua friji awauzie soda. Akanunua pasi. Mzigo ukapanda na nyaya ni zilezile. Nilipita pale kila Jumapili, nakunywa soda ya bure, namwambia, mama, usiruhusu mtu aguse lile sanduku."

Abbasi hakucheka tena.

"Ile saini kwenye fomu," alisema, akitazama barabara, "ni ya mkuu wangu wa kanda. Ameshapanda cheo tangu anywe soda zile. Kesho asubuhi anakuja Kasulu kuthibitisha ripoti yangu. Tangu mwaka jana nimekataa madai sita, yote yana saini hiyo. Nilidhani watu wa huku mnapenda sana kuchezea fyuzi."

*

Stanislaus alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na hajawahi kuacha kuandikisha watu maelezo.

"Bamwana! Mwiriwe! Umekuja bila taarifa, na mgeni, na gari. Nani amekufa?"

"Hakuna, bamwana. Tumepita tu."

"Kasulu hadi Kibondo mtu hapiti tu. Kaa."

Walikaa. Yaliletwa maji, zikaletwa karanga. Obedi aliulizia mashamba, mbuzi na goti la Stanislaus, na alikuwa akijiandaa kuulizia goti la pili Abbasi alipochoka.

"Mzee Stanislaus, tunaomba kuona sanduku lako la fyuzi."

"Aa! Lile la Kijerumani!" Stanislaus aliinuka kwa fahari. "Watu walinifuata nilitoe, eti limepitwa na wakati. Hata huyu bamwana aliniandikia barua. Nikamjibu, kitu ulichonifungia kwa mikono yako unanirudia kukitukana?"

Obedi alitamani ardhi ya Kibondo imfanyie hisani. Abbasi akafungua kifuniko.

Ndani hapakuwa na spoki.

Kati ya vigae vyeupe ulipita waya wa fyuzi halali, mwembamba, umekazwa vizuri kuliko Obedi alivyowahi kukaza kitu chochote. Abbasi alimgeukia polepole.

"Mzee. Umenileta huku kunionyesha kwamba hukuweka spoki?"

"Niliweka! Naapa niliweka! Mbili!"

"Uliweka nini?" Stanislaus alisogea. "Rudia hapo, bamwana, taratibu, niandike."

"Spoki! Kwenye nyumba yako! Ungeungua wewe na mkeo na mbuzi!"

"Na mwanao, je? Binti yako angelala wapi usiku huo, juu ya mti?"

Abbasi alikuwa ameinamia kifuniko. "Hebu nyamazeni," alisema. "Hapa kuna wawili."

Maandishi ya juu yalikuwa yaleyale, mwandiko uleule, kalamu ileile. *Kazi ya Obedi Mpawenimana. 19/9/1988. Mungu ailinde nyumba hii.* Chini yake, kwa wino wa bluu, mwandiko mdogo ulionyooka:

*Mungu nimemsaidia. Nimetoa spoki mbili za Data, nimeweka waya halali. Loyce, 3/6/1993.*

"Loyce ni nani?"

"Mimi," ilijibu sauti mlangoni. "Na Data ni baba yangu, huyo hapo."

Alikuwa binti yake Obedi, mikono imejaa unga wa muhogo hadi kwenye viwiko. Alipiga goti, akamsalimia baba yake, akasimama, akangoja. Obedi alijaribu kukasirika kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya.

"Nani alikufundisha umeme?"

"Wewe, Data. Ulikuwa unamfundisha kaka Longinus, mimi nafagia. Yeye alikuwa anasinzia."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mwaka ule ulikuja hapa ukatusomea nakala ya barua yako, ile ya kusema mwenye kuweka spoki afungwe jela. Baba mkwe alikuwepo. Nikaona nifunge mdomo nifungue sanduku."

Stanislaus aliketi kwenye kiti chake akaanza kucheka. Alicheka kwa utaratibu, kama mtu anayesoma hukumu, aya kwa aya.

"Na kwa Mama Ange?" aliuliza Obedi. Sauti ilikuwa imeshuka sana.

"Nilikwenda, Data, na waya mkononi. Akanifukuza. Aliniambia fundi Obedi amekataza mtu asiguse, na neno lake linatosha."

Stanislaus alikatisha aya.

Abbasi ndiye aliyeamka kwanza. Asubuhi kamera yake haikuwa na filamu; alikuwa amenunua moja dukani Kibondo, akapiga kifuniko picha tatu. Akauliza kama spoki zenyewe zipo. Moja ilikuwa imepotea. Ya pili Loyce alikuwa anafumia vikapu. Abbasi akaiomba, akaifunga kwenye leso kama pete ya harusi.

"Imekwisha," alisema walipopanda gari. "Vifuniko viwili, siku tano kati yao, na shahidi wa tatu wa mwaka tisini na tatu. Nikipiga picha kile cha Kasulu na spoki ikiwa ndani yake, mama anapata mabati kabla ya mvua. Mkuu aje kesho na saini yake yenye mkia."

"Na mimi?"

"Wewe utaandikwa kwenye ripoti kama chanzo cha moto."

"Kwa jina kamili?"

"Kamili."

Obedi alivuta pumzi. "Andika na tarehe," alisema. "Nisije nikasahau tena."

*

Waliingia Kasulu saa kumi na moja jioni, mawingu yakiwa yameshafika juu ya soko. Odilia alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alipomwona Obedi anashuka bila pingu alirukaruka kama msichana.

"Wamekuachia! Yoo, fundi, wamekuachia! Nilijua!"

"Aniachie nani?"

"Si walikupeleka polisi Kibondo? Nimekuona ulivyoshikwa!" Alimvuta karibu, akanong'ona, macho yanang'aa. "Usiogope tena. Hawana kitu. Mambo yako nimeyamaliza."

Obedi aliitazama mikono yake. Ilikuwa myeusi kwa majivu hadi kwenye vifundo.

"Mama Ange. Umemaliza nini?"

"Jina lako, fundi. Nimelisugua kwa majivu na mchanga hadi bati limecheka. Na lile chuma nimeling'oa nikalitupa chooni. Mtu aliyeniwekea umeme wakati hata kanisani walikuwa wanawasha kandili, aende jela kwa ajili ya mabati yangu? Hapana. Nyumba nitalala hata kwa jirani."

Abbasi alikuwa ameshakimbilia ukumbini. Obedi alimkuta amesimama mbele ya sanduku, kamera mkononi. Kifuniko kiling'aa kitupu. Ungeweza kunyoa ndevu mbele yake.

"Bila hiki," alisema Abbasi kwa sauti kavu, "kile cha Kibondo kinathibitisha kitu kimoja tu. Kwamba Kibondo kulikuwa na spoki."

Nje gari lilifunga breki. Mlango ukafungwa kwa nguvu, halafu sauti nzito, ya mtu aliyezoea kupokelewa:

"Abbasi! Nimeona nisingoje kesho. Liko wapi hilo sanduku?"

Odilia alichungulia, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mana yanje. Huyu ndiye wa soda."

"Nitamchelewesha," alinong'ona Abbasi. "Dakika moja, mzee, sina zaidi." Akatoka nje mikono mbele, akisalimia kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Obedi alibaki peke yake na bati tupu. Mfukoni, pale alipoizoea miaka yote, vidole vyake viliikuta kalamu ya seremala. Maneno aliyajua. Tarehe aliijua. Mwandiko ulikuwa wake, na yote yangekuwa kweli tupu, herufi kwa herufi. Ila asubuhi yalikuwa ushahidi, na sasa yangekuwa kughushi, tena kosa lilelile ambalo Abbasi alimshuku nalo mbele ya mtaa mzima.

Viatu vizito viligonga sakafu ya ukumbi. Tone la kwanza la mvua likaanguka kupitia dari isiyokuwepo, likampata shingoni.

Fundi Obedi alilamba ncha ya kalamu, akaiweka kwenye bati, akaandika herufi ya kwanza.

Haikuwa K ya *Kazi*.